Milton Santos alifundisha Dar es Salaam, tumemsahau

Mwulize mwanafunzi wa jiografia habari za miji, atakuchorea pembesita za Walter Christaller bila kusita. Mjerumani huyo aliitoa nadharia yake ya jinsi miji ya soko inavyojipanga, kila mmoja ukihudumia eneo lenye umbo la pembesita, mwaka 1933 akitazama miji ya kusini mwa Ujerumani. Alichukulia kwamba nchi ni tambarare, watu wametawanyika sawasawa, na kila mnunuzi huenda soko la karibu. Sina ugomvi na pembesita. Kinachoniuma ni kwamba wengi wa wanafunzi ninaozungumza nao hawajawahi kulisikia jina la Milton Santos, na mtu huyu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970!

Santos alikuwa mwanajiografia, Mbrazili mweusi, mzaliwa wa Bahia mwaka 1926. Wanajeshi walipopindua serikali mwaka 1964 walimkamata, na baadaye akaishi uhamishoni miaka mingi. Kitabu chake kikubwa kuhusu uchumi wa miji ya nchi maskini kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1975.

Kabla yake wasomi walikuwa wakichora ramani za maendeleo yanavyosambaa kutoka mjini, kwa kufuata reli, barabara, posta na hospitali. Edward Soja alifanya hivyo kwa Kenya mwaka 1968, Peter Gould kwa Tanzania mwaka 1970. Katika ramani za namna hiyo mchuuzi haonekani kabisa, au ni mabaki ya zamani yatakayotoweka yenyewe.

Santos alikataa. Alisema miji yetu ina mizunguko miwili ya uchumi. Wa juu ni wa benki, viwanda vikubwa, biashara ya nje na bei zilizopangwa. Wa chini ni wa mtaji mdogo, nguvu kazi nyingi, mikopo ya kuaminiana na bei ya kupatana. Na yote miwili, alisisitiza, imezaliwa na usasa uleule. Wa chini si mabaki ya kitu chochote, ila unautegemea ule wa juu.

Nenda Kariakoo uone. Mwenye duka la jumla kafungua kontena la viatu kutoka China. Asubuhi kijana anachukua jozi kadhaa kwa mali kauli, bila karatasi wala dhamana, anazitandaza juu ya turubai Mtaa wa Kongo. Jioni anarudisha hesabu ya tajiri, kilichozidi ni chake. Viatu vilivyoingia kwa hati za benki na forodha vinamfikia mnunuzi kwa "kaka, nipunguzie". Mizunguko yote miwili imo katika jozi moja ya viatu.

Ndiyo maana nasema suala hili si la wasomi peke yao. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam kupelekwa maeneo maalumu, mazungumzo mengi niliyoyasikia yalihusu usafi, foleni na njia za waenda kwa miguu. Yote ni ya haki. Lakini mali iliyokuwa juu ya turubai ni ya nani? Na machinga akihamishiwa mbali na tajiri anayemjua kwa sura, nani atampa mali kauli huko aendako? Aliyemsoma Santos angeanzia hapo.

Idara zetu za jiografia zimfundishe kabla ya Christaller, na kazi ya uwandani ifanyike Kariakoo.