Tuzo za MBA: Marekani ni asilimia, kwetu ni matarumbeta

Jamani mimi niko huku Marekani nasoma MBA, yaani masters ya biashara, na kila nikipiga simu Dar shangazi anauliza, umekuwa wa ngapi? Sasa hapo ndo pagumu, maana vyuo kama Stanford na Chicago wanafunzi wenyewe wamekubaliana kabisa wasiwaambie waajiri gredi zao, eti watu wasome masomo magumu bila kuogopa, halafu mwisho wa siku Stanford hiyohiyo inatangaza Arjay Miller Scholars, yaani 10% ya juu ya darasa, na Harvard ndo usiseme, Baker Scholar ni 5% tu. Kwa hiyo ushindani upo palepale, wameufunika shuka tu.

Kuna na hii Beta Gamma Sigma, chama cha heshima cha wanafunzi wa biashara, kipo tangu 1913. Ukiwa kwenye 20% ya juu ya masters unaalikwa, ila ukikubali unalipia uanachama, mara moja ya maisha. Mweleze mtu wa Mbagala kwamba umepewa heshima ila utume hela kwanza uone kama hajakwambia umetapeliwa 😂

Kwetu ni kinyume. Ukimaliza tu umemaliza, joho, shada shingoni, matarumbeta kwenye Noah, pilau la ukoo mzima, na aliyeongoza darasa na aliyepita kwa kuchechemea wote wanachezewa sawa. Mi hilo nalipenda kusema kweli, huku mtu anapata tuzo anaipiga picha anaweka LinkedIn anarudi maktaba, basi.

Lakini kwenye hela wametuacha mbali. Kuna Siebel Scholars, tuzo ya hela kwa wanafunzi bora wa vyuo vya huku, ilianza 2000, inampa mwanafunzi dola 35,000 akiwa anaingia mwaka wa mwisho, maana yake tuzo inamkuta bado anadaiwa ada. Sisi mwanafunzi bora tunamkumbuka siku ya mahafali, cheti, makofi na mkono wa mgeni rasmi, wakati mwenzetu alikuwa anasoma usiku baada ya kazi na ada ya semista anakopa Vikoba. Mabenki yetu yanamwaga mahela kwenye mpira, sina ugomvi, mpira naupenda, ila hivi kulipia ada ya mwaka wa pili kwa wale watano wa juu wa MBA pale Mlimani au Mzumbe kunawashinda kweli? Na wakishalipa wajitangaze tu kwa mabango, hata wakiandika jina la benki kwenye joho mimi sina neno.