Mlango Kwanza, Spika Baadaye

Nenda Kariakoo na Toyota IST yako ukatafute spika za milangoni, na kabla hujataja ukubwa utatajiwa wati. "Bosi, hii wati mia tano." Duka la pili mia sita. La tatu elfu moja na mia mbili, na boksi limechorwa ndimi za moto. Kwangu mimi namba hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa kwenye boksi, na boksi lenyewe linasubiri zamu yake. Kinachotangulia ni mlango.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, ambayo wakati huo yalianzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana kila mtu huanza na redio. Ya zamani inang'olewa, inafungwa ya Android yenye kioo kikubwa, ramani na kamera ya nyuma, mwenye gari anatabasamu. Milangoni zinabaki spika zile zile za kiwandani: koni ya karatasi, sumaku ndogo, fremu ya plastiki. Zimekaa humo miaka 15 au zaidi, zikipigwa na jua la mchana na unyevu wa pwani. Ukizitoa utakuta karatasi imelegea, wakati mwingine na ukingo umepasuka. Kubadilisha spika za namna hiyo si anasa hata kidogo.

Sasa hizo wati. Redio nyingi zimeandikwa 50W x 4, na namba hiyo ina chanzo chake. Injini ikiwaka, umeme wa gari unafika volti 14.4 hivi. Spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4, unapata 51.8. Ndiyo hiyo "50W" ya kwenye kibandiko: nguvu ya wimbi lililokatwa juu na chini mpaka likawa mraba, yaani sauti iliyokwisha kuharibika. Wimbi safi, kwa volti hizo hizo, haliwezi kuvuka wati 26, na redio yenyewe hula kidogo njiani, ukabaki na ishirini hivi au pungufu. Haya, spika ya wati 1200 italishwa nini?

Soma badala yake nguvu ya RMS, ile ambayo spika inaweza kuihimili muda wote, kisha tafuta namba ya desibeli. Hiyo ya pili ndiyo wauzaji hawaitaji kamwe, nami naipenda kuliko zote. Inakuambia spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ikipewa wati 1, kipimo kikiwa umbali wa mita 1. Desibeli 3 za ziada ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili. Spika ya desibeli 92 kwenye redio ya wati 20 itavuma sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 40, na hizo 40 redio yako haina. Angalia tu kama imepimwa kwa wati 1 au kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 4 volti hizo ni wati 2, kwa hiyo namba hupanda desibeli 3 na spika ni ile ile. Ujanja wa karatasini.

Tuje mlangoni. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Sauti nyembamba hazisumbuliwi sana na jambo hilo, lakini besi ya mbele ikikutana na ya nyuma zinafutana. Mlango ndio unaotakiwa kuzitenganisha. Fungua ubao wa ndani wa Toyota yoyote ndogo uone hali ilivyo: bati la ndani lina matundu makubwa, mkono mzima unapita, na yamefunikwa kwa nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Spika imeshikwa na plastiki nyembamba iliyopigwa riveti. Weka hapo spika ya bei yoyote, kisha legeza skrubu zake au acha mwanya pembeni, na utapata ngoma iliyotoboka.

Hiyo nailoni ndiyo ugomvi wangu mkubwa na mafundi. Wengi huichana, wakaikunja na kuitupa kando, kwa kuwa inawachelewesha. Lakini mlango wa gari umeundwa upitishe maji. Mvua inateremka na kioo, inapenya kwenye mpira, inaingia ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasihamie upande wa abiria. Ikitupwa, masika yakifika zulia linalowa, gari linanuka uvundo, na lawama anabebeshwa fundi wa vioo ambaye hakugusa kitu. Kwa hiyo nailoni irudishwe, au matundu yazibwe vizuri kwa kitu cha kudumu, na vile vitundu vya chini viachwe wazi daima. Kama gari lako ni jipya zaidi na lina eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofumka gari likigongwa, uliza kwanza: baadhi yana sensa ya mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, na sensa hiyo inategemea mlango uzibwe kama kiwanda kilivyouziba.

Kuna karatasi za butili, aina ya mpira unaonata, zenye foili ya alumini kwa juu, zinazobandikwa kwenye bati ili lisitetemeke. Zinafaa sana, na si lazima kufunika kila sentimita. Vipande vichache vilivyobanwa vizuri kwenye bati la nje, nyuma ya spika, na kuzunguka tundu lake, vinabadilisha mlango. Wengine watakushauri utumie ile lami ya kuzibia paa. Usikubali. Kwa joto la Dar inalainika, inateleza, na ndani ya gari kunanuka barabara mpya.

Halafu pete. Spika ya dukani haikai moja kwa moja mahali pa spika ya Toyota, inahitaji pete ya kuinyanyua na kuishikilia. Fundi atakutolea ya ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, ambao ukinyweshwa maji mara chache unavimba kama andazi na kuachia skrubu. Mimi napendekeza ubao mnene wa plastiki, ule wa kukatia nyama jikoni. Unauzwa kila mahali, hauozi, na seremala mwenye msumeno wa umeme anaukata pete mbili bila taabu. Ukubwa wa inchi 6 na nusu umezoeleka kwa milango ya mbele, ila pima gari lako mwenyewe, na zaidi ya upana pima kina. Teremsha kioo mpaka mwisho, uone nafasi iliyobaki kati yake na mgongo wa sumaku. Anayesahau hatua hii anaisikia siku ya kwanza anapolipia maegesho.

Nyaya zisikatwe. Redio za Toyota za Japani zinatumia soketi za pini 10 na pini 6, na vipande vya kuunganishia vinauzwa kwa bei ndogo. Hata za spika zipo. Fundi anayekata soketi na kusokota nyaya kwa vidole, akazifunga kwa tepu, anakuachia gundi inayoyeyuka na waya unaogusa bati. Na ahakikishe chanya na hasi hazijapishana mlango kwa mlango. Betri ya kidole ya volti 1.5 inatosha kupima: ukigusisha chanya kwa chanya, koni inaruka nje. Mlango mmoja ukiwa umegeuzwa, besi inapotea na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi, na mwenye gari anarudi Kariakoo kununua sabufa.

Kuhusu twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, kuna spika zenye twita katikati na kuna seti ambazo twita yake ni ya peke yake. Sauti nyembamba husafiri kwa mstari, na spika ya mlangoni iko usawa wa ugoko, kwa hiyo seti ina sababu nzuri: twita inapanda kwenye ile pembe tatu ya plastiki karibu na kioo cha pembeni. Lakini isifungwe kwenye nguzo yenye eabegi, na kama fundi anataka kutoboa ovyo, chukua ya kawaida ulale salama. Jaribu kwa wimbo unaoujua. Fidla za taarab zinafichua twita mbovu kuliko singeli, ambayo kwa kelele zake inasamehe mengi. Kama masikio yanauma kwa sauti ya wastani, haitazoeleka.

Ukiwa na bajeti moja, igawe: nusu spika za mbele, nusu mlango na muda wa fundi. Za nyuma ziache zilivyo, sukuma sauti mbele kwenye menyu ya redio, na kama hakuna sabufa kata besi chini ya hezi 60 hivi ili koni zisihangaike na sauti zisizoziweza. Ampilifaya inaweza kusubiri mpaka mwakani. Watoto wanaokaa siti ya nyuma hawajawahi kulalamika.