Goti la Nkunku na pointi 244 za Palmer

Kila ifikapo Agosti, kwenye kundi letu la Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kununua kikosi cha kubuni cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, lazima mtu aandike sentensi ileile: "Msishobokee wageni wa mechi za kirafiki, mmesahau Nkunku?" Wenzake wanagonga vikatuni vya kucheka, na yule aliyekuwa ameweka mchezaji mpya kikosini anamtoa kimyakimya. Safari hii nimeona niijibu, maana naona waliomchagua Christopher Nkunku mwaka 2023 wanasimangwa kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Nkunku alisajiliwa Chelsea akitokea RB Leipzig. Hakuja mikono mitupu. Msimu uliokuwa umeisha alimaliza kinara wa mabao wa Bundesliga, mabao 16, sawa na Niclas Füllkrug. Kwenye ziara ya Marekani akaendelea pale alipoachia, na vikosi vya majaribio vilivyokuwa vikirushwa kwenye makundi vikajaa jina lake. Kisha ikaja mechi na Borussia Dortmund pale Soldier Field, Chicago, Agosti 2. Kwetu ilikuwa usiku wa manane kuamkia tarehe 3, wengi tumelala. Asubuhi nilipowasha data simu ililia mfululizo, na katika meseji zote zile neno lililojirudia ni moja tu: goti. Alitoka kipindi cha kwanza, akafanyiwa upasuaji, na hakuonekana tena uwanjani hadi Desemba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja akaumia yeye.

Hoja ya wanaosimanga ina uzito wake. Mechi ya kirafiki ya Julai ni mazoezi yaliyokatiwa tiketi. Beki wa upande wa pili likizo bado haijamtoka miguuni, kocha anabadilisha wachezaji kumi kwa mpigo, na bao dhidi ya Wrexham, ambao msimu ule walikuwa wakijiandaa na daraja la nne, halikuambii lolote kuhusu Liverpool. Nkunku kweli aliwafunga Wrexham. (Aliwafunga Brighton pia siku chache baadaye, lakini hilo huwa halitajwi.) Halafu goti lenyewe lilikuwa na historia. Novemba 2022 aliumia kwenye mazoezi ya timu ya taifa ya Ufaransa na akalikosa Kombe la Dunia la Qatar. Kwa hiyo anayesema dalili zilikuwepo hasemi uongo. Wapo pia wanaotuona hatuna haya, kijana kaingia chumba cha upasuaji na sisi tunaulizana nani achukue nafasi yake. Kwa hilo sina utetezi, zaidi ya kusema kwamba na madalali wa usajili huuliza hivyohivyo.

Sasa tazama kalenda. Nkunku aliumia Agosti 2. Msimu ulifunguliwa Agosti 11, Burnley na Manchester City, na geti la kupanga vikosi likafungwa saa 2:30 usiku kwa saa zetu. Kabla ya geti hilo kufungwa, unabadilisha wachezaji wote 15 hata mara mia kwa siku na hukatwi pointi hata moja. Waliokuwa na Nkunku walikuwa na siku tisa za kumtoa, na fedha yao ikarudi yote mfukoni. Hasara yao kwenye jedwali ilikuwa sifuri. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa kicheko kinatoka wapi.

Linganisha na mgeni mwingine wa mwaka uleule. Jurriën Timber alitoka Ajax kwenda Arsenal, naye akapendwa na wana-Fantasy, beki aliyeonekana atacheza kila wiki. Agosti 12, mechi ya kwanza dhidi ya Nottingham Forest, goti likamwangusha mapema kipindi cha pili. Hakufikisha dakika 60, kwa hiyo aliondoka na pointi moja. Siku kumi tu baada ya Nkunku, goti vilevile, lakini bei yake kwetu ikawa nyingine kabisa. Aliyekuwa na Timber alilazimika kutumia uhamisho wake mmoja wa bure wa wiki kuziba pengo, na kama alikuwa na tatizo lingine kikosini, alilipa pointi nne. Mimi nilikuwa na tatizo lingine kikosini.

Tatizo hilo liliitwa Kevin De Bruyne. Aliumia usiku wa ufunguzi pale Burnley, mechi haijafika hata nusu saa, na hakurudi kucheza ligi hadi Januari. Huyu hakuwa mgeni. Tulikuwa tunamjua kwa miaka minane, na nilimchukua hasa kwa sababu ya ule ushauri wa "chagua unayemjua". Wanaotumia mfano wa Nkunku kutuonya dhidi ya wageni, sijawahi kuwasikia wakitumia mfano wa De Bruyne kutuonya dhidi ya wenyeji.

Kwa mashabiki wa mpira wa Marekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, ambao nao wana mchezo wao wa vikosi vya kubuni, mambo ni mazito zaidi, na huko nawaelewa wanaoogopa. Wao huketi na kuchagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine katika ligi yao hawamgusi tena. Agosti 2021 Travis Etienne, chipukizi wa Jacksonville Jaguars aliyekuwa wa 25 klabu za ligi yao zilipogawana chipukizi mwaka huo, aliumia mguu kwenye mechi ya maandalizi na New Orleans Saints, msimu mzima ukaenda. Aliyekuwa ameshamchagua alibaki na pengo, na wachezaji wazuri wa nafasi ile walikuwa mikononi mwa majirani zake. Lakini hata huko hadithi haikuishia kwenye machela, maana mwaka uliofuata Etienne alikimbia na mpira yadi 1,125. Sisi hatugawani wachezaji. Haaland mmoja anakaa katika mamilioni ya vikosi kwa wakati mmoja, na kuazima woga wa Wamarekani bila kuazima kanuni zao ni kujitesa bure.

Naomba nikae kidogo kwenye namba moja inayoninyima usingizi: 244. Hizo ndizo pointi alizokusanya Cole Palmer msimu wa 2023/24, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote kwenye mchezo wetu, akimpita hata Haaland aliyekuwa mfungaji bora wa ligi. Mabao 22, pasi za mabao 11. Chelsea walimnunua kutoka Manchester City siku ya mwisho ya dirisha, Septemba 1, karibu mwezi mmoja baada ya Nkunku kuumia. Bei yake kwenye mchezo wetu ilikuwa ya mtu wa kukaa benchi. Sitadai kwamba goti la Nkunku ndilo lililomleta Palmer, kwani Chelsea ya wakati ule ilikuwa ikinunua hata bila sababu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kinaonekana kwa macho: kulikuwa na kazi wazi.

Chukua penalti. Agosti 20, Chelsea wakiwa ugenini kwa West Ham, walipata mkwaju. Akaenda kupiga Enzo Fernández, kiungo wa kati, kipa Alphonse Areola akapangua, na Chelsea wakalala 3-1. Ukiona kiungo wa kati anaweka mpira kwenye nukta nyeupe, ujue nyumba hiyo haina mpigaji. Oktoba 7 pale Burnley mkwaju ukaenda kwa Palmer, akafunga. Wiki mbili baadaye dhidi ya Arsenal, akafunga. Novemba 12 dhidi ya Manchester City, dakika za nyongeza, 4-3 inasomeka ubaoni, kijana anasimama mbele ya klabu iliyomuuza na kusawazisha. Msimu ukaisha na penalti tisa, zote nyavuni. Kwenye mchezo wetu kiungo akifunga anapata pointi tano, na kompyuta haiulizi bao limepatikanaje. Tisa mara tano, 45. Toa hizo 45 kwenye 244 unabaki na 199: bado msimu mzuri sana, lakini si msimu wa kumpita kila mtu.

Hizo pointi 45, tena kabla hujahesabu bonasi wanayopewa waliong'ara kwenye mechi, zilikuwa zimekaa bila mwenyewe kuanzia Agosti. Na hapa ndipo nadhani tulikosea karibu sote, waliokuwa na Nkunku na waliokuwa wakiwacheka. Tuliuliza nani atacheza badala yake. Jibu lilikuwa rahisi, Nicolas Jackson, mshambuliaji mwingine mpya wa Chelsea, nami nikamkimbilia. Alifunga mabao 14 ya ligi hadi mwisho, si haba, ila mwanzoni alikuwa akikusanya kadi za njano kama anapewa kamisheni, na kufikia mwisho wa Septemba zilishatimia tano, akakosa mechi ya Fulham. Kila kadi ilinikata pointi moja. Swali lenye faida lilikuwa nani atarithi majukumu ya Nkunku: mikwaju, mipira iliyokufa, ile nafasi nyuma ya mshambuliaji. Jina la mrithi lilikuwa halijafika hata klabuni.

Desemba ndipo waliomsubiri Nkunku walipoteleza kweli, na hapo siwatetei. Alirudi kwa kishindo kidogo. Tarehe 19 aliingia akitokea benchi kwenye robo fainali ya Kombe la Ligi na Newcastle na kufunga mkwaju wake wakati wa kupigiana matuta, na mkesha wa Krismasi akawafunga Wolves. Kundi likawaka. Watu wakavunja vikosi vilivyokuwa vinawalipa wakamwingiza, kana kwamba miezi minne ya kutocheza inafutwa na bao moja. Akaumia tena, akarudi, akaumia. Msimu wake wa ligi uliishia mechi 11 na mabao matatu. Anayetaka kutaja jina la Nkunku kama onyo, ataje Desemba, mwezi ambao uhamisho wa bure ulikuwa mmoja tu kwa wiki. Agosti ilikuwa bure.

Bei ya Palmer kwenye mchezo wetu msimu uliofuata ilipandishwa hadi milioni 10.5, na hapo kila mtu akawa mtaalamu. Nkunku yeye aliondoka mwaka 2025 kwenda AC Milan. Kwenye ligi yetu ndogo, ile ya shilingi elfu ishirini kila kichwa, aliyebeba chungu msimu ule ni jamaa mmoja mpole ambaye Julai alikuwa ametuma kikosi chake kwenye kundi, Nkunku akiwa nahodha msaidizi, tukamcheka wiki nzima baada ya Chicago. Alikuwa na Palmer tangu Oktoba, wakati mimi nilimchukua Februari. Nilimuuliza alimwonaje mapema vile. Akasema hakumtafuta. Alikuwa anaangalia kila mechi ya Chelsea kujua Nkunku akirudi atapangwa wapi, na kila walipopata penalti alikuwa anatazama nani anachukua mpira.