Walisema watampoza hadi nyuzi 20

Huku kwetu Mafinga ukitaja baridi, hakuna anayefikiria jambo jema. Mwezi wa saba nyasi zinaamka nyeupe, watoto wanakohoa, wazee hawabanduki jikoni. Kwa hiyo daktari aliposema baba mkubwa atapozwa mpaka mwili ufike nyuzi 20 za Selsiasi, shangazi alisimama. "Maiti ndiyo inayopozwa," akasema, na akatukataza kutia saini.

Baba mkubwa ana presha ya miaka mingi, na dawa alikuwa akinywa siku kichwa kikimuuma tu. Kipimo cha siti skani kikaonyesha mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, aota, umepanuka hadi sentimita 6, pale juu unapojipinda kama mpini wa mwavuli. Ukifika kama 5.5 madaktari wengi hawasubiri tena, maana mshipa wa namna hiyo ukipasuka mara nyingi mgonjwa hafiki hata hospitali. Kuteremka Kitonga naye ndani ya basi, kila kona nilikuwa namwangalia kifua.

Hospitali tuliyopelekwa naacha kuitaja. Upasuaji walifanya vizuri. Ninalolalamikia ni fomu ya ridhaa: kurasa nane, zote Kiingereza, na kijana aliyetuletea alishaweka alama ya kalamu mahali pa kusaini.

Hatukuuliza jambo kubwa kuliko yote kwa sababu hatukujua lipo. Sisi tulikuwa tunaulizia moyo. Kumbe kwenye upasuaji wa pindo la aota, hofu kubwa ya daktari ni kichwa. Hapo ndipo yanapotokea matawi matatu yanayopeleka damu kwenye ubongo na mikono. Fundi bomba hashoni bomba maji yakiwa yanapita. Lazima afunge koki. Ukifunga koki hii, kichwa kinakosa damu. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote na hauweki akiba. Kwenye joto la kawaida la nyuzi 37, dakika nne au tano bila damu zinatosha kuuharibu.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja. Alimsalimia shangazi "Kamwene, mama", nikajua huyu ni wa huku kwetu, kisha akamvuta pembeni.

"Mama, usiku mkienda kulala, moto wa jikoni mnaufanyaje?"

"Tunaufukia kwa majivu."

"Kwa nini?"

"Kuni zisiishe. Asubuhi tukute kaa bado zima."

"Basi ndicho watakachomfanyia kichwani kwa hiyo baridi."

Shangazi akakaa. Akauliza kama wanajua kuufukua. Mimi niliyesoma baiolojia hadi kidato cha sita sikuwa nimewaza swali hilo, na ndilo hasa: kumrudishia mgonjwa joto kunataka subira, polepole, bila kuupitisha ubongo nyuzi 37, maana joto la ghafla nalo linaujeruhi.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Mwaka 1950 huko Toronto, Wilfred Bigelow alikuwa akiwapoza mbwa kuona kama moyo unaweza kusimamishwa salama. Baadaye akawachunguza hata wanyama wanaolala msimu mzima wa baridi. Mwaka 1975 Randall Griepp wa Marekani akaandika juu ya wagonjwa wanne aliowabadilishia pindo la aota kwa kuwapoza sana na kuzima mzunguko wote wa damu. Kwenye nyuzi 18 hadi 20 daktari anapata kama nusu saa. Nusu saa ni fupi kwa anayeshona mshipa unaochanika kama kanga iliyochakaa, na baridi kali nayo inaifanya damu isigande vizuri.

Ndiyo maana siku hizi wengi hawategemei baridi peke yake. Wanapitisha mpira kwenye mshipa wa kwapa la kulia, mashine ya kusukuma damu inakilisha kichwa chenyewe huku sehemu ya chini ya mwili ikisubiri. Kiasi ni kama mililita 10 kwa kila kilo kwa dakika. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 600, chupa ndogo ya maji, wakati moyo mzima husukuma kama lita tano. Wakifanya hivyo, wengi hupoza hadi nyuzi 24 au 28 tu. Vibandiko kwenye paji la uso husoma oksijeni ya ubongo muda wote. Tungeambiwa haya, tungelala usiku ule.

Siku ya pili baada ya upasuaji baba mkubwa aliniita kwa jina la marehemu mdogo wake na kudai kuna trekta wodini. Shangazi akanong'ona kuwa amechezewa. Binamu yangu alishampigia mganga. Siku ya tano akili zikarudi zenyewe. Kuchanganyikiwa kwa namna hiyo baada ya upasuaji mkubwa wa moyo ni jambo la kawaida, na mara nyingi kunapita. Mdomo ukienda upande, mkono ukikataa kuinuka au maneno yakigoma kutoka, hicho huenda ni kiharusi, na unamwita daktari dakika hiyohiyo. Tofauti hiyo nayo hatukuambiwa.

Najua madaktari ni wachache na foleni haiishi. Lakini nesi alitumia dakika tano, na hakuhitaji kamusi. Wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kueleza mambo haya hawajawahi kulala nyumba yenye mafiga.

Nakala ya ile fomu ninayo. Juzi nilikaa nayo na kamusi, mstari kwa mstari. Ubongo umetajwa mara moja, ukurasa wa sita, na saini yangu iko ukurasa wa nane.