Ruka, Ami, Ruka!

Mimi kazi yangu kofia. Siziuzi, nazishona, kwa mkono, kitundu kimoja kimoja, nimekaa barazani hapa Mkomani, Lamu, toka alasiri mpaka macho yaseme basi. Kofia moja nzuri hunila miezi miwili; harusi zikifuatana nikawa mtu wa kualikwa kila siku, mitatu. Nayasema haya mapema mjue kwamba mikono yangu haina nafasi. Wa kushoto una kitambaa, wa kulia una sindano, uzi uko mdomoni. Mwilini mwangu vilivyobaki bila kazi ni masikio na miguu.

Ndiyo sababu nikanunua simu kubwa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: simu naiegemeza kwenye buli la kahawa, nasikiliza mawaidha, kasida, mpira wa Uingereza, na yule jamaa anayefungua mashine za boti hadi skrubu ya mwisho, huku sindano inakwenda.

Siku ya kwanza, dakika ya tatu, sheikh amenyanyua kidole: "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tahadharini sana na..."

"BETI SASA! Weka hamsini, utoke na milioni!"

Sauti ya kike, na muziki wa kutingisha mabega. Na barazani nimekaa na nani? Maalim aliyenifunza Kurani, na baba mkwe. Baba mkwe! Wote kimya. Maalim akageuza uso akatazama ukuta kama mtu anayekagua chokaa. Mimi mikono imejaa, uzi mdomoni, hata astaghfirullahi haitoki. Kilichotoka ni "Mmmh! Mmmh!" na baba mkwe, naapa, alidhani naitikia wimbo.

Sekunde tano. Ndizo walizotupa wenye huo mtandao wa video, toka 2010: tazama tano, kisha kitufe cha kuruka kitokee, na hapo ni pale tangazo lenyewe likikubali kurukwa. (Jina lao silitaji. Sisi Waamu mtu tunayemsema hatumtaji. Unakohoa tu na baraza zima limeshamjua. Kho!) Sekunde tano za kumenya kitunguu si kitu. Sekunde tano za kamari mbele ya baba mkwe ni safari ya miguu hadi Shela, jua la saa saba, na maji yamejaa.

Hapo ndipo kidole gumba cha mguu kilipopata ajira.

Simu nikaishusha mkekani, miguu nikainyoosha. Tangazo likiingia nahesabu hadi tano, kisha nakituma kidole kikabonyeze. Hola. Nikabonyeza tena. Nikagonga kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Mtoto wa ndugu yangu, aliyesoma chuo Mombasa na bado anatafuta kazi, kwa hiyo ana muda mwingi wa kunisomesha, akacheka hadi akakaa chini.

"Ami, kioo cha simu hakisikii kusukumwa. Kinasikia umeme mdogo wa ngozi. Na hicho kidole chako si ngozi tena, ni gamba la kasa."

Mguu umetembea miaka hamsini na tatu pekupeku kwenye mchanga na matumbawe, leo naambiwa hauna umeme. Usiku nikakipaka mafuta ya nazi, nikakizungushia kitambaa, nikalala nacho. Mke wangu akainua taa akatazama. "Na hicho kimoja tu ndicho kinachooa, au na vingine vinafuata?"

Asubuhi kikawa laini, na kweli, simu ikakisikia. Lakini kidole chenye mafuta kinateleza. Nilikusudia "Ruka", kikaenda pembeni, kikatua juu ya tangazo lenyewe. Likafunguka duka la matairi.

Bonyezo moja. Kuanzia hapo simu imeamini nina gari.

Gari! Mimi! Katika kisiwa ambacho vichochoro vyake punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Usafiri wangu mimi ni punda wa jirani, naye hata hospitali yake anayo hapa mjini, toka miaka ya 1980, wala hakukata bima. Lakini kila nikifungua video: matairi. Mafuta ya injini. Bima kubwa, bima ndogo. Mkopo wa haraka, weka gari dhamana. Nikawa usiku nalala nawaza, hili gari langu ningeliegesha wapi? Ndani ya Ngome?

Kijana akanieleza siri yake. Kabla video haijafunguka, akasema, hupigwa mnada. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mashine za wenye bidhaa zinanishindania: mwanamume, yuko pwani ya Kenya, amebonyeza matairi, nani anatoa ngapi? Anayepanda bei ndiye anayeingia kunipigia kelele. Yaani mimi nanadiwa kama nguru aliyetoka baharini. Isipokuwa nguru ana afadhali: hunadiwa mara moja, na keshakufa.

Si kwamba hatujui matangazo. Mwenye samaki akipita Usita wa Mui anapiga ukelele, unatoa kichwa dirishani, unamwona samaki kwa macho yako, unamtazama mashavu kama ni mekundu, unasema leo la, anapita zake. Hasimami mlangoni kwako akakwambia, "Utanifukuza baada ya sekunde tano." Wala haingii msikitini katikati ya hotuba.

Na njia wanayopitia ndiyo inayonichoma zaidi. Babu zetu walipanda na kusi hadi Arabuni, wakarudi na kaskazi, majahazi yamejaa tende na mazulia. Mwaka 2009 ukalazwa waya wa intaneti chini ya bahari, kutoka Fujairah hadi Mombasa, njia ile ile ya tende, na haungojei upepo. Sasa ukingoja kitu kishuke bandarini, anashuka mwanamke wa beti.

Gharama nabeba mimi. Bando nanunua mimi, na tangazo linakula humo humo. Juzi nilikuwa na bando ya saa moja, nataka kumwona yule wa mashine za boti anavyosafisha kabureta, maana ndugu yangu mashine yake inakohoa toka Maulidi. Video ikaja imechakaa, mkono wa mtu huujui na bisbisi, inazunguka, inasimama, inazunguka. Tangazo likaingia safi! Meno ya yule dada ningeweza kuyahesabu, na la nyuma kabisa limezibwa. Bando ikakatika kabureta haijafunguliwa. Nikaokoa jahazi kwa shilingi hamsini, nikarudi, na video ikaanza upya na nini? Matairi.

Na hao wenye video nao wameharibika. Huo mtandao ulianza vizuri, Aprili 2005, kijana mmoja amesimama mbele ya ndovu kule San Diego, Marekani, anasifu mikonga yao. Sekunde 19, kwisha, watu makwao. Lakini pesa iko kwenye tangazo la katikati. Zamani liliruhusiwa kwenye video za dakika kumi kwenda juu. 2020 wakashusha, zikawa nane. Basi mtu wangu wa mashine, aliyekuwa akifungua plagi dakika nne, siku hizi salamu peke yake ni dakika mbili na nusu. Anatuuliza hali. Anatuuliza tunatazama tukiwa wapi. Anamshukuru mama yake. Bisbisi ameishika toka mwanzo, anaipungia hewani kama bakora ya ngoma ya kirumbizi, haigusi kitu. Anasubiri dakika ya nane!

Nikamwita kijana. "Mwanangu, mimi nataka simu isiyo na matangazo. Fanya ufanyalo."

Kwanza alinipa kivinjari kinachozuia matangazo chenyewe. Kilifaa, nisiseme uongo. Lakini kila mtu akinitumia video kwa WhatsApp nikaigusa, simu inanirudisha kwenye programu ile ile ya zamani, kama punda aliyezoea zizi. Na mimi video nyingi natumiwa, sitafuti.

Kisha akaingia kwenye mipangilio ya simu akaandika kitu kinaitwa DNS ya faragha. Michezo ya watoto ikawa safi, magazeti safi. Nikafungua mawaidha: matairi. Nikamtazama. Akajikuna.

"Ami, chukulia kuna askari kwenye jeti ya Mokowe, ameshika orodha. Boti inayoleta matangazo matupu anaijua kwa jina, anaizuia. Sasa kwenye video, tangazo na sheikh wamepanda boti moja, wamekaa ubao mmoja. Ukizuia boti, na sheikh habari yake imekwisha."

Hapo alinieleza vizuri, nikamwagizia kahawa na kashata. Kosa langu. Kashata ilimpa nguvu akaniletea dawa ya tatu, programu ya video iliyochezewa isilete matangazo, alitumiwa na rafiki yake. Ile moja ya namna hiyo, iliyokuwa ikisifiwa, ilifungwa 2022. Zilizobaki, nyingi ni majina tu yaliyovaa shati la marehemu. Kabla ya kufunguka ikaomba ruhusa ya kuona picha zangu, kusoma meseji zangu, kujua nilipo, na majina yote niliyoandika. Mimi nimeposa binti wa watu Pate, wajomba zake saba wamekaa mbele yangu, sikuulizwa mambo mengi hivyo.

Nikakubali. Kweli video ikawa haina tangazo. Matangazo yalihamia kwenye simu. Nikiwasha kioo, tangazo. Nikipiga hesabu, tangazo. Saa kumi na moja alfajiri, kengele ya kuniamsha nisali, nanyoosha mkono niizime, juu yake kuna dada wa beti. "Umebahatika leo!" Sijatawadha!

Ikafutwa. Ikarudi. Ikafutwa tena, na simu nzima ikafutwa pamoja nayo, na picha za harusi ya binti yangu.

Sasa ikabaki njia ya halali, kulipa kila mwezi. Nikampelekea mke wangu shauri hilo jikoni, anakuna nazi. Akasikiliza mpaka mwisho, mbuzi haikusimama.

"Yaani unawalipa wasikwambie kitu?"

"Ndiyo."

"Na mimi hapa miaka ishirini na nane nakwambia vitu bure, hujanilipa ninyamaze."

Lakini mwezi wa kwanza ni bure, kijana akasema, na kadi ya malipo inaweza kutengenezwa kwenye simu. Ikatengenezwa. Akaniapisha nisisahau kufuta kabla mwezi haujaisha. Nikafunga fundo kwenye ncha ya kikoi.

Jamani. Alasiri ile sitaisahau. Mkeka, upepo wa kusi, buli. Sheikh akaanza, akaendelea, akamaliza. Sikujua mawaidha yale yana mwisho! Miezi yote nilikuwa nakata tamaa njiani. Maalim akatikisa kichwa kwa furaha. Baba mkwe akasema, "Leo umechagua sheikh mzuri," na sheikh ni yule yule. Sindano ikaenda mistari miwili kamili, na kidole gumba kimelala mkekani kama bwana mkubwa.

Habari ikafika ndani. Siku ya pili mke wangu akaiazima simu kidogo, anatazama mishono ya madera. Siku ya tatu watoto wa binti yangu wakagundua kwamba katuni za simu ya Babu hazikatiki. Hazikatiki! Toka hapo mimi simu yangu naisikia tu kupitia ukutani. Paka anakimbizwa, kitu kinavunjika, wanacheka, kingine kinaanza. Zamani tangazo likiingia walichoka wakaenda kucheza nje. Sasa hakuna kitakachowachosha. Na nikibahatika kuishika baada ya Isha, ninachoonyeshwa ni paka na madera. Sheikh amepotea. Mtu wa mashine za boti sijui kama yu hai. Bando ya wiki wameimaliza Jumanne, na mjukuu akatoka nje kunipa taarifa hiyo kwa sauti ya lawama, kana kwamba mimi ndiye mwenye duka.

Jana basi nimekaa barazani mikono imejaa, uzi mdomoni, sina cha kusikiliza. Maalim akatoa simu yake, ile ndogo aliyoletewa na mwanawe, akaiweka mkekani akatafuta kasida. Ikaanza vizuri, dufu zikaingia, Maalim amefumba macho.

"BETI SASA!"

Maalim akafumbua macho, mikono inatetemeka, hajui abonyeze wapi. Na mimi, kabla sijafikiri, nikaona mguu wangu unanyooka wenyewe mbele ya mzee wa watu, kidole gumba kimesimama, kinahesabu: tatu, nne, tano.