Msumari wa mama mkwe

Tulisimama Kabuku kununua maji. Nilikuwa natoka Muheza kumchukua mama mkwe aje Dar kumwangalia binti yake aliyejifungua. Kijana muuza karanga akaniinamia dirishani: "Anko, tairi lako la nyuma limekula msumari."

Nikashuka. Kweli, kichwa cha msumari kinang'aa, lakini tairi limejaa vizuri tu. Mwenye akili angeuacha humo humo akaenda mwendo wa bibi harusi hadi kwa fundi pancha, maana kwenye tairi lisilo na tyubu msumari wenyewe ndio kizibo. Ila mimi nilikuwa na mama mkwe ndani ya gari, na nilitaka aone binti yake hakukosea. Nikatoa plaizi.

"Usiuchomoe, baba."

"Mama, usiwe na wasiwasi, magari ya siku hizi..."

Pssssss! Sikumaliza. Kivitz changu kikainama taratibu, kama kinamwamkia mama shikamoo.

Haya, spea. Spea iko chini ya buti, na juu yake kuna magunia mawili ya machungwa na kuku watatu. Umeshatoka Muheza kwa mkweo bila machungwa wewe? Gunia la kwanza nililishusha salama. La pili likafumuka mshono, na hapo ndipo nilipojua kwamba barabara ile ina mteremko. Watoto waliniokotea kwa bidii sana, sema wengi waliokotea kwao.

Nikapiga jeki, gari likanyanyuka, nikaweka spana kwenye nati. Nazungusha nati, linazunguka tairi. Nazungusha tena, tairi tena. Abiria wa basi lililosimama jirani wakaanza kunihesabia.

"Shusha kwanza, baba. Nati hulegezwa tairi likiwa chini."

Marehemu mume wake aliendesha lori la mkonge. Nilichokuwa sijaambiwa ni nani alikuwa utingo wake. Mama alikaza khanga kiunoni, akavua ndala, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Nati ikalia kwa! Basi zima likashangilia. Nne zote alizilegeza hivyo hivyo, mimi nimeshika kuku.

Nikatoa spea. Kuibonyeza, dole gumba likazama. Mara ya mwisho kuipima upepo ilikuwa siku niliyonunua gari, na hata siku hiyo nadhani niliitazama tu.

Fundi pancha alikuwa mita kama mia tatu mbele, tairi kuukuu limening'inizwa mtini, naliona kabisa. Nikabingirisha tairi langu juani kama mtoto wa shule. Fundi akajaza upepo, akamwagia maji ya sabuni, akatafuta panapotoa povu, akasokomeza kamba ya mpira yenye gundi, akakata mkia. Dakika tano.

"Nani kauchomoa msumari?" akaniuliza.

"Watoto," nikamwambia.

Njiani mama hakuligusia jambo hilo hata kidogo. Wami tukavuka, Chalinze tukapita, ananisimulia habari za mvua. Nikashukuru moyoni: huyu ni mtu mzima, amenisitiri.

Siku ya arobaini ya mtoto sebule ilijaa mawifi na mashangazi. Mama akafungua pindo la khanga, kitu kikaanguka mkekani, ti!

"Hicho," akawaambia, "kizibo cha tairi la mkwe wangu."