Sahihi ya Wilbur Wright na mkasi wa mkusanyaji

Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili wa Marekani waliovumbua ndege ya injini, alifariki Mei 1912 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 45. Mdogo wake Orville aliishi hadi Januari 1948. Ndiyo maana sahihi ya Wilbur ni adimu zaidi, ingawa ndege iliyopaa Desemba 17, 1903 waliiunda pamoja. Wanaopinga biashara ya sahihi za marubani wa mwanzo, na kutaka karatasi zao zote zikabidhiwe serikali, huanzia hapo: bei hufuata uchache wa wino, haifuati kazi ya mtu.

Nawaelewa, na linaloniuma zaidi ni mkasi. Wapo wakusanyaji waliokata sahihi chini ya barua, wakaibandika kwenye albamu, na barua ikapotea. Pengine ilizungumzia injini, upepo au deni. Limebaki jina, na jina tulikuwa nalo tayari. Tena jina lililokatwa hivyo ni rahisi kughushi, kwa sababu hakuna tarehe wala maneno ya kulipimia. Sahihi bandia za Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake, zimezagaa.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba kila karatasi ikabidhiwe serikali. Faili ya hataza (haki ya uvumbuzi) ya ndugu Wright ilikuwa mikononi mwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, ikapotea tangu 1980, ikaja kuonekana 2016 katika ghala la pangoni huko Kansas. Tena wakusanyaji hawakuja baadaye kuvuna tu. Rubani Amelia Earhart alipoondoka kuizunguka dunia kwa ndege mwaka 1937, alibeba maelfu ya bahasha zenye stempu za kuwauzia wakusanyaji ili kupunguza gharama za safari. Bahasha hizo zilipotea pamoja naye Julai 2, alipokuwa akikitafuta kisiwa cha Howland katika Bahari ya Pasifiki. Bila watu wa stempu na sahihi, safari za namna ile zingekosa sehemu ya fedha zake.

Kwa hiyo mimi siwalaumu wanaonunua. Nawauliza wananunua nini. Hundi aliyoisaini Orville ina tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa na alama za benki. Inatuambia siku moja ya maisha yake, na kuighushi ni kazi ngumu. Nyaraka nyingi za ndugu hao ziko Maktaba ya Bunge la Marekani tangu 1949. Mwenye hundi akiipiga picha pande zote mbili na kuwapa watafiti nakala, hundi inabaki yake na wao wanapata walichokihitaji.